Watazamaji Elfu Sitini

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani, na wakubwa wake wamenihakikishia kwamba kosa ni la ramani. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na moja, ina mawaziri wengi kuliko wizara, na ina mchezo mmoja tu unaopendwa na kila mtu, mchezo wa Yai. Sijui nani aliuleta. Ni mpira wa ngozi ulioshonwa kwa umbo la yai. Timu mbili za watu kumi na mmoja, waliovaa kofia ngumu na mabega ya kubandika, hugombea kuufikisha mwisho wa uwanja. Mmoja hurusha, mwenzake hudaka, na waliobaki hugongana. Mchezaji akicheza rafu, mwamuzi huchomoa leso ya njano kiunoni na kuitupa chini. Leso ikianguka, mchezo husimama na aliyeonewa hupewa haki yake. Kwenye karatasi mambo ni mepesi hivyo.

Timu zilikuwa nyingi, ila za kutajwa ni mbili. Moja ni Makorongo, timu ya mtaa wa mafundi baiskeli, wauza mkaa na makarani wastaafu. Nyingine ni Waheshimiwa, ambayo mlezi wake ni Waziri wa Michezo, kocha wake ni shemeji wa Waziri wa Michezo, na basi lake halisimami kwenye taa nyekundu. Msimu ule Mwamuzi Mkuu aliitupia Makorongo leso mia moja na kumi na mbili: kwa kusukuma, kwa kuvuta, kwa kushangilia kabla ya wakati, na moja kwa kupumua kwa namna ya kuwavunja moyo wapinzani. Waheshimiwa hawakutupiwa hata moja, na hiyo ilikuwa miaka minne mfululizo. Magazeti ya serikali yaliita jambo hilo nidhamu.

Bi Mwantumu alikuwa mtu wa Makorongo damu damu. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi ya ukarani katika mahakama ya mwanzo, akiandika maneno ya mashahidi neno kwa neno, na kazi hiyo ilimwachia tabia mbili: hakubali kuambiwa jambo ambalo halikusemwa, wala kunyimwa jambo lililoonekana. Mwanawe wa pekee, Chande, alikuwa mdakaji wa Makorongo. Kwa hiyo siku ya fainali mama huyu alikuwa jukwaa C, safu ya tatu, roho juu, chupa ya chai katikati ya magoti, na chai haikunywewa hata kikombe.

Zilibaki sekunde nane. Makorongo walikuwa nyuma kwa pointi tatu. Mrushaji wao akauachia mpira ukaenda juu, na chini yake, peke yake, karibu kabisa na mstari wa mwisho, alikuwa Chande amenyoosha mikono. Nyuma yake alikuja Gobore, beki wa Waheshimiwa, jezi namba arobaini na nne, mtu ambaye tangu asubuhi hakuwa ameutazama mpira hata kwa bahati mbaya. Gobore alimkamata Chande shingo kwa mikono miwili na kumvuta kinyumenyume kama mtu anayevuta mbuzi aliyegoma kutoka zizini. Mpira ukapita juu ya vidole vya Chande ukaanguka.

Mwamuzi Mkuu, Bwana Liberati Ngwembele, alikuwa hatua nne, pua na mdomo. Hapakuwa na mtu katikati yao, wala jua machoni, wala vumbi. Alilifuatilia jambo lile tangu mwanzo mpaka mwisho kwa utulivu wa mgeni wa harusi anayeona pilau linapakuliwa. Leso ilibaki kiunoni.

“Leso!” walipiga kelele watu elfu sitini. “Leso! Leso, wewe!”

Ngwembele akapuliza kipenga cha mwisho. Waheshimiwa wakatangazwa mabingwa, fataki zikarushwa ambazo zilikuwa zimefungwa jana yake zikiwa tayari zimeandikwa jina la bingwa, na mwamuzi akaondoka ndani ya gari la Waziri, ambalo kwa bahati tu lilikuwa linaelekea kwake.

*

Kesho yake Kamati Kuu ya Yai ilitoa taarifa. Haikumtaja Gobore. Ilisema kwamba mchezaji Chande amepatikana na hatia ya Kuangusha Yai la Taifa Bila Sababu, na kwa hiyo amefungiwa maisha. Kanuni ilitambua sababu moja tu, nayo ni rafu iliyoandikwa. Rafu haikuandikwa; basi sababu haikuwepo; basi kijana aliangusha kwa kupenda kwake.

Chande alisomewa taarifa hiyo akiwa kitandani hospitali, shingo ndani ya kola ngumu, macho yakitazama dari kwa kuwa hayakuwa na pengine pa kutazama.

“Mama, mimi sikuangusha.”

“Najua, baba. Niliona.”

“Ulikuwa haujanifikia ule mpira. Nilikuwa navutwa.”

“Niliona, Chande.”

“Basi waambie waandike. Sitaki kikombe wala fidia. Waandike tu kwamba nilivutwa.”

Tangu ana miaka minane kijana huyu hakuwa amefanya kitu kingine cha maana duniani ila kudaka. Na sasa mtaani jina lake lilikuwa limegeuka kitenzi. Mtu sahani ikimponyoka, wenzake husema, “Umeichande!” Mjumbe wa Kamati alilitumia neno hilo redioni akacheka mwenyewe. Bi Mwantumu alilisikia akiwa anachambua mchele, akaweka ungo chini, akavaa viatu vyake vya kazini.

Makao Makuu ya Yai yana ghorofa tisa na dirisha moja la malalamiko, ambalo hufunguliwa kwa ndani. Alimkuta hapo kijana wa suti aliyeitwa Bwana Fumbwe, Katibu Msaidizi wa Malalamiko Yasiyopokelewa.

“Shikamoo, mama. Karibu sana.”

“Marahaba, mwanangu. Siku ya fainali mwanangu alivutwa shingo, na mwamuzi hakutupa leso. Nataka iandikwe.”

“Pole sana. Nani aliona?”

“Mimi.”

“Wewe kama nani, mama?”

“Kama mtu mwenye macho.”

Bwana Fumbwe alitabasamu kwa upole, tabasamu ambalo watumishi wa ghorofa zile hufundishwa mwezi mzima. “Tiketi yako unayo?”

Karani mstaafu hatupi karatasi. Aliitoa kwenye pochi.

“Hebu nisomee.”

“‘Mtazamaji mmoja. Jukwaa C. Usivuke uzio.’”

“Mtazamaji. Sasa mama yangu, wewe ni msomi, umelitumikia taifa. Mtazamaji hufanya nini?”

“Hutazama.”

“Ahaa! Hutazama. Kama Kamati ingekuwa imekuruhusu kuona, tungekuandikia mwonaji. Mimi sikuandika tiketi, nimeikuta hivyo hivyo.”

“Tulikuwa elfu sitini pale!”

“Watazamaji elfu sitini, na Kamati inawashukuru.”

“Na walioona majumbani, kwenye televisheni?”

“Hao ni watazamaji wa televisheni. Tumewaita hivyo miaka yote na hakuna aliyewahi kulalamika.”

“Na mwamuzi je? Naye alikata tiketi?”

Bwana Fumbwe alifungua Kitabu cha Kanuni kwa vidole viwili. “Ibara ya saba. ‘Mwamuzi atatazama mchezo wote kwa makini.’ Nakuuliza, mama, na unijibu kama mtu wa mahakama. Bwana Ngwembele hakutazama?”

Bi Mwantumu alikuwa mtu mkweli, na hapo ukweli wake ukamponza. “Alitazama. Alikodoa kabisa.”

“Basi katimiza wajibu wake. Kutazama ni kazi, mama. Kuona ni majaliwa.”

“Na zile leso mia moja na kumi na mbili alizoitupia Makorongo?”

“Hapo alijaliwa,” alisema Bwana Fumbwe, akafunga dirisha kwa adabu.

Mama wa watu alitoka nje asijue acheke au ateme mate. Pale mlangoni palikuwa na bustani ya maua iliyopandwa kwa umbo la yai. Akatema mate.

*

Kuanzia siku hiyo akawa anakaa kwenye ngazi za Makao Makuu kila asubuhi na taipureta yake ya zamani magotini, na kila aliyepita aliyekuwa uwanjani siku ile aliandikiwa ushahidi wake: jina, safu aliyokaa, na alichokiona. Wiki ya kwanza walikuja watu arobaini. Wiki ya tatu foleni ilizunguka jengo. Mafundi baiskeli walifunga karakana. Alikuja hata mzee mmoja shabiki wa Waheshimiwa, akaandikisha kwamba yeye pia aliona, ila alifurahi. Bi Mwantumu aliandika yote mawili.

Serikali ya nchi ile haiogopi watu wenye njaa, kwa kuwa imewazoea. Ila watu wanaokubaliana juu ya jambo moja huinyima usingizi. Ndani ya siku nne iliundwa Tume, na mwenyekiti wake akawa Mheshimiwa Daktari Kanali Mstaafu Alfayo Tindikali, aliyekuwa tayari mwenyekiti wa tume nyingine kumi na tisa, zote zikiwa mbioni kukamilika. Alitoka kwenye roshani ya ghorofa ya tisa akawahutubia watu wa foleni kwa kipaza sauti.

“Ndugu wananchi! Wapo wanaosema haki imechelewa. Haki haikimbii, ndugu zangu. Haki hutembea kwa msafara, ikitanguliwa na pikipiki! Tume yangu haitasikiliza maneno ya mitaani. Tume yangu ni ya kisayansi. Kwa hiyo tunaamuru tukio lile lirudiwe. Uwanja uleule, wachezaji walewale, mwamuzi yuleyule, shingo ileile! Na ili tusisumbuane tena, Marudio haya Rasmi yatahesabiwa kuwa ndiyo tukio lenyewe, kwa kila hali na kila matokeo, milele. Mwamuzi akiona, ameona. Asipoona, hakuna mtu atakayefungua kinywa juu ya jambo hili mpaka Kiyama!”

Watu wakapiga makofi, kwa mazoea. Hata baadhi ya waliokuwa kwenye foleni walipiga, kisha wakaitazama mikono yao.

Bi Mwantumu alipanda ngazi ghorofa zote tisa, kwa kuwa lifti ilikuwa ya wajumbe. Alimkuta Tindikali anakula korosho.

“Mheshimiwa, mwanangu yuko ndani ya kola. Daktari amesema isivuliwe kabla ya wiki sita.”

“Siku ya fainali alikuwa na kola?”

“Hakuwa nayo.”

“Basi ataivua. Ama sivyo hayatakuwa marudio, itakuwa maigizo.”

“Shingo haijapona, Mheshimiwa. Mtamuua mtoto.”

“Daktari wako alikuwepo uwanjani?”

“Hakuwepo.”

“Basi huyo si hata mtazamaji,” alisema Tindikali, akachagua korosho nyingine.

Bi Mwantumu alikwenda kumkataza mwanawe. Alimwambia kwamba hiyo ni danganya toto, kwamba hao watu hawana haya wala hawajui vibaya, kwamba wamevumilia kitenzi na wataendelea kuvumilia. Chande alimsikiliza huku akitazama dari.

“Niache niende, mama. Safari hii watu wote wataangalia sehemu moja tu. Hawezi kusema hakuona.”

Alisema hivyo kwa imani kabisa, na mama yake akageukia dirishani ili asimwonyeshe uso wake.

*

Siku ya Marudio Rasmi ilitangazwa kuwa sikukuu. Bendi ya magereza ilipiga wimbo wa taifa beti zote kumi na moja. Mtaalamu wa vipimo alimpima Gobore nguvu za mkono na kumwelekeza avute kwa kiwango kilekile, asizidishe wala asipunguze, na Gobore, ambaye hakuwahi kuombwa jambo kwa heshima namna hiyo, aliitikia, “Ndiyo mwalimu.” Mpira ulirushwa na mrushaji yuleyule. Saa ya uwanjani iliwekwa sekunde nane. Ngwembele alisimamishwa kwenye alama ya chokaa, hatua nne, na afisa wa Tume akazipima hatua hizo kwa futi kamba mbele ya umma.

Chande alivua kola mwenyewe akaikabidhi kwa muuguzi. Kisha akakimbia. Alikimbia vizuri sana, kama mtu ambaye hana maumivu, akanyoosha mikono, na kwa nusu sekunde watu elfu sitini walisahau kwamba walikuja kuangalia marudio wakadhani angedaka.

Gobore akamkamata shingo.

Sauti iliyotoka haikuwa kubwa. Bi Mwantumu aliisikia kutoka safu ya tatu. Chande alianguka chali na hakusogea, na mpira ukaanguka karibu na mguu wake, na Ngwembele akasimama palepale kwenye chokaa yake, mikono nyuma, macho kodo, kavaa miwani ya mbao.

“Leso!” uwanja ulinguruma. “Leso!”

Hakuna leso. Kwenye jukwaa kuu Mheshimiwa Tindikali alimgeukia Waziri akasema kwa kuridhika kwamba mwamuzi wetu hayumbi. Alichokifanya juzi ndicho alichokifanya leo.

Bi Mwantumu hakukumbuka baadaye aliuvukaje uzio. Alikuwa na miaka hamsini na minane na goti bovu. Alikumbuka tu majani ya uwanja chini ya viatu vyake vya kazini na mwanawe amelala pale, na alikuwa bado hajamfikia pale kitu laini kilipompiga begani. Akatazama chini. Ilikuwa leso ya njano.

Ngwembele alikuwa amenyoosha mkono kumwelekea, kifua mbele, kipenga mdomoni. “Kosa!” alitangaza. “Mtazamaji kuvuka uzio!”

Kumbe macho yalikuwa mazima. Alimwona mama mmoja kutoka hatua hamsini, karibu nyuma ya mgongo wake, ndani ya vumbi la watu waliosimama.

Wabeba machela walikuwa wameshatoka mbio. Ngwembele akawazuia kwa kiganja. “Leso iko chini. Leso ikiwa chini hakuna kinachosogea mpaka fomu ijazwe.”

“Mwanangu hapumui vizuri!”

“Fomu kwanza, mama. Ni utaratibu.”

Ngwembele aliletewa ubao wa kuandikia na fomu yenye nakala ya kaboni. Alikuwa amejaza fomu kama hizo mia moja na kumi na mbili msimu ule, kwa hiyo aliandika haraka haraka, kama mtu anayekuna mkono. Jina la mkosaji. Kosa. Kisha akauliza bila kuinua kichwa, “Sababu ya kutenda kosa? Maelezo ya mkosaji huandikwa neno kwa neno.”

Hilo la neno kwa neno Bi Mwantumu alilijua. Akavuta pumzi, akasema kwa sauti ileile ambayo mahakimu walikuwa wakimsomea yeye, polepole, na vituo vyake: “Nimevuka uzio. Kwa sababu mchezaji namba arobaini na nne. Amemvuta shingo mchezaji Chande. Kwa mikono miwili. Kabla mpira haujamfikia. Mwamuzi akiwa hatua nne. Nukta.”

“...hatua nne, nukta,” alirudia Ngwembele, kalamu ikikimbia. Chini kabisa ya fomu, palipochapwa na serikali tangu enzi za baba zake, paliandikwa neno moja lenye nukta mbili, *Nimeona:* na mstari wa sahihi. Akatia sahihi kama alivyotia mara mia moja na kumi na mbili. Hakusoma. Katika nchi ile mtu husoma akiwa anatafuta kazi, akishaipata hupumzika.

Alichana nakala ya mkosaji akampa. Machela ikaruhusiwa.

*

Chande aliishi. Hilo niliseme mapema, maana wengi huniuliza.

Siku ya pili Bi Mwantumu alirudi dirishani na nakala ya kaboni. Bwana Fumbwe aliisoma, akaisoma tena, kisha akaitazama kama mtu aliyekuta nywele kwenye mchuzi. Aliipeleka juu. Tume ilikaa siku tatu na mlango umefungwa. Ilitafuta namna ya kusema kwamba fomu ile ni ya siku nyingine na haihusiani na fainali, ikajikwaa kwenye amri yake yenyewe: Marudio ni tukio lenyewe, kwa kila hali na kila matokeo, milele. Ilitafuta namna ya kusema kwamba mwamuzi alitazama tu. Lakini fomu ilisema ameona, na sahihi ilikuwa yake, na kama sahihi ile si halali, basi leso mia moja na kumi na mbili nazo zilikuwa batili, pamoja na za miaka mitatu ya nyuma, na Waheshimiwa wangelazimika kurudisha vikombe vinne.

Kwa hiyo kifungo cha Chande kilifutwa. Mheshimiwa Tindikali alitoka tena kwenye roshani akatangaza kwamba mfumo umefanya kazi, akajipongeza yeye, akampongeza Waziri kwa uvumilivu, na akasema anasikitika kwamba kuna watu waliokuwa na haraka. Siku hiyohiyo fomu zote nchini zilikusanywa, zikarudi zimechapwa upya. Mahali pa *Nimeona* pamewekwa *Nimetazama*.

Bi Mwantumu alimsomea mwanawe tangazo hospitalini.

“Wameandika?” aliuliza Chande.

“Wameandika. Kwa mkono wake mwenyewe.”

Chande alilia, machozi yakaingia masikioni kwa kuwa hakuweza kugeuza kichwa. Na hakukigeuza tena. Daktari alieleza kwamba mifupa miwili ya shingo imeshikana. Atatembea, atakula, ataoa, lakini atatazama mbele tu kama picha ya kitambulisho. Yai hatacheza. Taifa lilikuwa limemrudishia ruhusa baada ya kumaliza kazi nayo.

Miezi mitano baadaye ikaja barua yenye mhuri. Kamati Kuu ya Yai ilimsalimu Ndugu Chande na kumjulisha kwamba imezipitia ripoti zake za hospitali kwa furaha. “Kwa kuwa,” barua iliendelea, “shingo yako haigeuki kushoto wala kulia, Kamati imeridhika kwamba una sifa zote za kuwa mwamuzi.”

Mama yake alitaka kuitia motoni. Aliita kila mjumbe kwa jina na kwa mnyama anayemfaa. Chande alikaa kitandani na barua mkononi, ameinyanyua juu usawa wa macho, maana ndivyo alivyosoma sasa.

“Nitakuwa uwanjani, mama.”

“Na wale wezi?”

“Na wale wezi. Ila mimi nitatupa leso. Nikiona, nitatupa. Si unanijua?”

Alimjua. Ndiyo maana alimwachia barua.

Alikuwa mwamuzi mwaminifu kuliko wote waliowahi kuvaa jezi ile. Mechi zake sita za kwanza alitupa leso kwa haki, kwa wakubwa na kwa wadogo, kwa kila kilichotokea mbele yake. Kamati ilimsifu hadharani, kisha kwa mechi ya saba, Makorongo na Waheshimiwa, ikampangia nafasi ya kusimama: mstari wa kulia, uso kwenye ubao wa matangazo.

Katika nchi ile, kama katika nyingine nyingi, mwamuzi akiharibu hatukanwi yeye. Hutukanwa mamake.

Dakika ya mwisho, mdakaji mpya wa Makorongo, kijana mwembamba, alichomoka peke yake mikono juu. Gobore, ambaye alikuwa amepata nishani tangu walipoonana mara ya mwisho, akamkamata shingo. Mwamuzi Chande alikuwa hatua nne, upande wa mkono wa kushoto, ametazama mbele kwa moyo wote. Uwanja ukasimama.

“Leso!”

Aliwasikia. Akaanza kugeuka, mwili mzima, mguu mmoja kisha wa pili, kwa juhudi ya mtu anayegeuza kabati ndani ya chumba kidogo. Alipomaliza kugeuka, Gobore alikuwa tayari amemnyanyua kijana anampangusa vumbi begani. Chande alitazama. Hakuona rafu, akakataa kutupa leso kwa jambo asiloliona, kama alivyokuwa ameahidi. Akapuliza kipenga.

Wimbo ulianzia jukwaa C, ukasambaa kama unavyosambaa siku zote, wa mamake mwamuzi na mahali alikokuwa akitazama siku anamzaa. Mwanamume mmoja mwenye karanga mdomoni, safu ya tatu, alimgeukia jirani yake, mama wa makamo aliyekuwa amekaa na chupa ya chai katikati ya magoti.

“Mama, huyu kazaliwa na nani huyu?”

Bi Mwantumu alimtazama kijana mwembamba akiondoka uwanjani ameshika shingo, na mwanawe amesimama wima katikati ya matusi, mnyoofu, haki yote iko kifuani na haina pa kupita. Alimpenda kuliko siku zote. Kisha akainuka, goti likalia, akaweka mikono mdomoni, na akaimba pamoja na wenzake wimbo wote, beti kwa beti, kwa sababu alikuwa ameona.